Mkeka wa Nyumba ya Wazee

Mwezi uliopita walifungua ukumbi wa wazee hapa Migori, nami nikaalikwa kama mmoja wa wenyewe, jambo ambalo bado sijalizoea. Sakafu ya vigae, viti vyeupe vya plastiki, na televisheni iliyotundikwa juu kiasi kwamba ukiitazama dakika kumi shingo inaanza kulalamika. Kijana mmoja mwenye kitambulisho kifuani alinishika kiwiko kwa upole akaniambia, kama anayemwita bibi yake, "Shosho, keti popote tu, uko kwako." Nilisimama mlangoni nikavitazama vile viti, nikamuuliza, "Popote wapi?" Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Miaka sitini iliyopita, kule Homa Bay, mimi ndiye niliyesimama mlangoni na daftari kwapani nikiwaambia wazee wa watu waketi popote, na nusura niiue nyumba niliyokabidhiwa kwa ukarimu wangu huo. Wanaonijua wanajua kwamba kosa langu silikubali upesi. Hili nimelikubali siku nyingi, ila sijawahi kulisimulia mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake haukuwa wangu. Wenye mambo yao wamekwishalala, na nadhani sasa ninaweza.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, Mkuria wa Kegonga niliyetoka kwenye mafunzo ya maendeleo ya jamii nikijua kila kitu, na nikapewa Nyumba ya Wazee niiendeshe. Yenyewe ilikuwa ghala la zamani la pamba, hatua chache kutoka gatini. Miaka michache nyuma mvua zilikuwa zimenyesha bila adabu na ziwa likapanda, likameza mashamba na maboma ya ufukweni, na wazee wengi wakajikuta mjini, kwenye vyumba vya watoto wao, hawana la kufanya kutwa nzima isipokuwa kumsikiliza jirani akigombana na mkewe. Ndipo wakubwa wakaona wapewe mahali pa kushinda. Asubuhi uji, mchana chakula, jioni kila mtu kwake. Wenyewe waliiita Od Jodongo, nyumba ya wazee kwa Kijaluo, na kabla sijaifungua ilikuwa imekwisha kuwa habari ya soko zima. Naikumbuka harufu yake kuliko sura yake: chokaa mbichi, na chini ya chokaa mafuta ya mbegu za pamba ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuyatoa. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye mabati ya paa, na upepo wa ziwa ukivuma zilidondoka moja moja kwenye uji. Kulikuwa na milango miwili mikubwa inayotazamana, mmoja upande wa soko ambako pamba ilikuwa ikiingia, mwingine upande wa ziwa ambako ilitoka kwenda melini. Katikati niliweka meza. Niseme ukweli, meza ile niliionea fahari. Niliichora mwenyewe, fundi akaichonga kwa mvule, ndefu ya kukalisha watu arobaini, ishirini huku na ishirini huku, wanaume kwa wanawake. Mafunzoni tulikuwa tumeambiwa kwamba taifa jipya linaanzia mezani, nami sikuwa mtu wa kuambiwa mara mbili.

Siku ya kwanza walikuja kama thelathini. Nilivaa gauni langu la buluu, nikasimama mlangoni nikisema "Karibuni, ketini popote," mpaka mate yakanikauka. Wa kwanza kukaa alikuwa Mzee Odera, mjane mrefu mwembamba aliyefanya kazi ya ubaharia kwenye meli za ziwani mpaka alipostaafu, na ambaye sasa aliishi kwa mwanawe nyuma ya soko. Watu wa meli hawaogopi meza. Aliivua kofia yake, akaiweka mbele yake, akashika kijiko. Mara akaingia bibi mmoja mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, ambaye kila mtu alimwita Nyar Sori, yaani binti wa Sori, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa kabla ya kuolewa ufukweni upande huu. Alipiga hatua tatu. Akamwona Odera. Akajifunika uso kwa leso, akageuka, akatoka. Odera naye aliinuka kama aliyekalia siafu, akatokea mlango wa ziwa, kofia ikabaki mezani. Baada yao, mmoja mmoja, wengine wakaanza kukumbuka shughuli zao. Bibi huyu amesahau kuku nje, mzee yule anamngojea mgeni. Saa nne na nusu nilikuwa nimebaki na sufuria mbili za uji wa mtama zilizoanza kuganda juu, na wazee saba walioketi mbalimbali kama watu waliokuja kwa daktari.

Basi mimi, mwenye cheti, nikalifumbua fumbo mwenyewe: hawa wawili wamegombana, na wengine wamegawanyika. Nikaichukua ile kofia nikampelekea Odera, nikamwambia aje kesho, nitawapatanisha. "Kupatanisha mimi na nani?" akauliza. Nikasema, na yule mama. Akasema polepole, "Nyathina, hiyo maneno wacha kabisa." Nyathina ni mwanangu, na alilitamka kwa huruma, lakini mimi huruma ile sikuiona. Kesho yake nilimwambia Odera kwamba Nyar Sori hatakuja, na Nyar Sori nikamwambia kwamba Odera hatakuja. Nikamshika bibi wa watu mkono kutoka chumbani kwake mpaka mezani, nikamketisha, nikafungua mlango wa ziwa, nikamwingiza Odera na kumketisha mbele yake, uso kwa uso, sahani kwa sahani. "Sasa," nikasema, "salimianeni." Hata leo, nikiwa peke yangu nikalikumbuka hilo neno, nasema kitu kwa sauti ili nisilisikie. Odera alifumba macho. Nyar Sori aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, akateleza kutoka kwenye benchi, akatoka akitembea kinyumenyume. Hawakurudi, wala wengine hawakurudi, isipokuwa mmoja. Wiki mbili nilipika nikamwaga, na sokoni wanawake walinyamaza nilipopita.

Aliyeniokoa ni Mzee Elia, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa maneno machache na yote makavu. Yeye alikuwa akija kila siku, na siku moja nilimuuliza kwa nini yeye haogopi kula mezani kwangu. "Mimi sina mkwe hapa mjini," akasema. "Binti yangu yote waliolewa mbali." Nikamwambia sielewi. Akaweka kijiko chini. "Nyar Kuria, huyo Odera ameoa mtoto ya huyo mama. Huyo ni mama mkwe yake. Sasa wewe umewaweka wanaangaliana kwa mdomo, wanatafuna. Kwenu Kuria mnafanya hivyo?" Kwetu hatufanyi hivyo. Kwetu nimewahi kumwona baba yangu akizunguka mlima mzima ili asikutane na mama mkwe wake kwenye njia nyembamba. Nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba nilidhani hayo ni mambo ya bomani, kwamba nyumba ya serikali haina wakwe. Elia alitikisa kichwa. "Hii mji mzima ni wakwe," akasema. "Huyu ameoa kwa huyu, huyu ameoza kwa yule. Ukisema keti popote, wewe umesema toka nje."

Alasiri hiyo nilikwenda kuomba radhi. Nyar Sori aliishi katika chumba kimoja alichotafutiwa na mjukuu wake mwalimu, na mwalimu mwenyewe alifundisha mbali. Kitanda cha kamba, mtungi, jiwe la kusagia alilolitoa bomani maji yakiwa magotini, na ukutani picha ya mwanamke kijana mwenye mwanya, anayejizuia kucheka. Alinipa viazi vitamu vya moto na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akangoja nimalize kula ndipo akanisikiliza. Nilisema nimekosa, nikasema tena. "Umekosa," alikubali, bila kunipunguzia. Kisha akasema, "Mimi chakula niko nacho. Viazi iko. Lakini hapa ndani hakuna sauti ya mtu. Nilikuja kwa nyumba yako kusikia watu wakiongea." Nikamuuliza kuhusu picha. "Huyo ni Atieno. Ndiye Odera alioa. Alikufa mwaka ile ziwa ilianza kupanda." Ujinga wangu ulikuwa bado haujaisha, maana nilimuuliza: kama Atieno hayupo tena, ukwe si umekwisha? "Mkwe haiishi, nyathina." Akaipangusa picha kwa ncha ya leso ingawa haikuwa na vumbi. Alinieleza kwamba barabara zilikuwa zimekatwa na mafuriko, kwamba habari ilimfikia imechelewa, na kwamba alipofika kwa Odera alikuta kaburi limekwisha kufunikwa. Wajukuu walikuwa mbali, shuleni na kazini. Siku Atieno anakufa alikuwa na mtu mmoja tu, Odera, na huyo ndiye mtu mmoja duniani ambaye mama wa Atieno asingeweza kumuuliza. "Nimuulize na mdomo gani?" akasema. "Miaka minne sasa. Nashindwa hata kujua alikufa asubuhi ama jioni."

Dawa ya nyumba walikuja nayo wazee wenyewe, na mimi kwa mara ya kwanza nilikaa kimya. Mabibi walikata mafunjo ufukweni wakashona mkeka mrefu kuliko wowote niliopata kuuona, na Odera akapanda ngazi akaufunga kwenye boriti kwa mafundo yake ya meli, kutoka karibu na ukuta mmoja mpaka karibu na mwingine. Wanawake wakapewa mlango wa soko, wanaume mlango wa ziwa. Meza yangu ilikatwa vipande viwili, na fundi aliyeikata ni yuleyule aliyeichonga. Nilisimama nikatazama msumeno ukipita kwenye mvule wangu na nililia kidogo, siwafichi. Lakini Jumatatu iliyofuata walikuja hamsini. Na mimi nikapata kazi ambayo hakuna mafunzo yaliyoitaja. Mkeka uliishia hatua moja kabla ya ukuta, na pale kwenye pengo waliniwekea kigoda, kwa sababu maneno ya mkwe kwa mkwe hayaendi yenyewe, hupelekwa. "Mwulize yule mzee kama samaki ilikuwa na chumvi," Nyar Sori angesema, kwa sauti ambayo hata wavuvi walioko majini wangeisikia. Ningegeuka: "Mzee, unaulizwa kama samaki alikuwa na chumvi." Odera, aliyekuwa ameketi umbali wa mkono kutoka mkekani, angesubiri nimalize, maana adabu ni kutosikia. "Mwambie ilikuwa sawa kabisa." Nami ningegeuka tena. Wakwe wote waliokuwa mle ndani walinifanyia hivyo, na jioni nilikuwa na shingo inayouma na siri za mji mzima.

Nikifumba macho naisikia nyumba ile. Upande wa wanaume kete za bao zinagonga na mtu anadai kwamba amedhulumiwa. Upande wa wanawake wanachambua osuga, mboga chungu ile, na kucheka jambo ambalo linakoma mara tu nikigeuka. Vyungu vilikuwa na dini zao. Wasabato hawanywi chai, kwa hiyo kulikuwa na birika la Wakatoliki na sufuria ya uji ya wengine. Kamongo, kwa kuwa samaki huyo hana magamba, Wasabato hawamgusi, basi siku ya kamongo wao walipikiwa omena, dagaa wa ziwani, na kila mara Mkatoliki mmoja alisogea upande wa omena akisema tumbo linamsumbua. Ijumaa Wakatoliki hawali nyama, Jumamosi Wasabato hawaji. Nilipanga wiki kwa kuchora mistari na kufuta. Nilikuwa na furaha, jamani. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena, ya kwenda kazini nikikimbia. Nyar Sori alikwisha kumfukuza mpishi niliyemwajiri, kwa hoja kwamba hajui kusonga ugali, akalishika jiko mwenyewe. Na kila siku, chakula kikisha kugawiwa, aliniuliza swali lilelile moja ambalo halikupita mkekani: "Amekula?" Nami nilimjibu kwamba amekula kidogo tu. Odera alikuwa mtu wa kusukuma sahani. Mwanawe aliniambia kwamba hata usingizi hana, hutembea uani mpaka kuku waamke.

Mwezi wa tisa alikuja ofisa mmoja kutoka juu, kijana nadhifu mwenye tai, kukagua. Alisifu idadi, alisifu usafi, kisha akaushika mkeka kwa vidole viwili. "Hiki ni nini?" Nilimweleza, nami nilimweleza vizuri. Akasema nchi iliyo huru haiwezi kuwa na watu wanaokula wamefichana, kwamba Jumatatu ijayo atakuja mgeni mkubwa na mpiga picha, na kwamba mkeka utoke, na utoke kabisa. Nilimwona mtu mmoja tu katika maneno yake yote, nami niliogopa: nilijiona mimi wa mwezi wa pili, nilipoifungua nyumba. Hakuna aliyebisha. Walijua, nami nilijua, kwamba mkeka ukishuka nusu yao watarudi vyumbani kwao.

Ilikuwa Jumatatu alipotoa amri hiyo. Alhamisi, baada ya ugali, nilikuwa kwenye kigoda changu. Nyar Sori alinawa mikono, akaipangusa, akaketi karibu kabisa na mkeka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwulize yule mzee kama amekula." Nikauliza. "Mwambie nimekula." Nikamwambia. Nikadhani mazungumzo yamekwisha. "Mwulize," akasema, "Atieno alikufa aje."

Upande wa pili kete za bao zilikoma. Odera alikuwa amelisikia, kila mtu alikuwa amelisikia, lakini halikuwa limepelekwa. Nilimtazama Nyar Sori nikitumaini atalirudisha. "Peleka," akasema. Nikageuka, nikasema, "Mzee, mama anauliza Atieno alikufa vipi." Odera aliitazama mikono yake. Alipoanza, alianza kwa Kiswahili, kama tulivyozoea kwa ajili yangu. Nimefikiri sana juu ya hilo. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kununua chumvi na ya kujibu karani. Hakuna mle ndani aliyewahi kulia msiba kwa Kiswahili, na labda ndiyo sababu waliweza.

"Mwambie mvua ilikuwa imekata barabara," alisema. "Gari hakuna. Nilimbeba na baiskeli." Nikapeleka. "Mwambie tulitoka asubuhi, tunaenda hospitali ya misheni. Alikuwa anaongea vizuri." Nikapeleka. "Mwambie tulifika pale njia inapogawanyika. Kulia ni hospitali, mbali. Kushoto ni kwake, kwa mama. Karibu." Nikapeleka. "Mwambie Atieno alishika shati yangu. Akasema, nipeleke kwa mama. Nikasema hapana. Akasema mara ya pili. Mwambie mimi ndio nilikataa. Bibi ya mtu hafii kwa boma ya mama yake." Hilo hakuhitaji kulieleza, hata kwangu. Mwanamke aliyeolewa akifia bomani kwa wazazi wake, inaaminika laana inaingia na kukaa, na hakuna mwanamume wa kizazi chake ambaye angethubutu kulipeleka janga hilo kwa mama mkwe. "Nikakanyaga baiskeli," akasema Odera. "Yeye alikuwa anaangalia ile njia ingine. Saa nane, saa tisa hivi, akawa mzito kwa mgongo yangu. Nikaingia kwa boma ya watu sijui. Hapo ndio alikufa. Mwambie ningepinda kushoto, angemwona."

Nililipeleka neno kwa neno. Kwenye lile shati sauti ilinikatika, na Nyar Sori akasema, bila kunitazama, "Sema, nyathina. Wewe sema tu." Nikasema mpaka mwisho. Kisha tukangoja. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia, na uso wake sikuweza kuusoma. Upande wa wanaume Odera alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kuhukumiwa, na nadhani ndivyo hasa ilivyokuwa. Nyar Sori akavuta pumzi. "Mwambie alifanya vizuri," akasema. Halafu kwa sauti kubwa zaidi, ya kupita mkeka yenyewe: "Mwambie hata angemleta, mimi ningemrudisha. Ningefunga lango. Hiyo mila mimi pia naiogopa. Angefia hapo nje kwa lango, na hiyo ni mbaya zaidi." Nikageuka nikalipeleka. Odera alifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kutikisika, na wazee wenzake wote, kwa adabu, wakageuka kutazama ziwa. Alipoweza kusema hakusema kwa Kiswahili. "Ero kamano," alisema. Asante. Hilo sikulipeleka, lilikwenda lenyewe.

Jumatatu Odera alifika mapema kuliko mimi. Alikuwa juu ya ngazi akifungua mafundo yake, na alikuwa akipiga mluzi. Aliukunja mkeka akaubeba begani, akawakusanya wanaume wote wenye mama wakwe mle ndani, wakaenda kukaa gatini kutwa nzima ili mabibi wapate kula nyama ya mgeni na kupigwa picha kwa raha. Mgeni mkubwa alifurahi. Ofisa mwenye tai aliniuliza wanaume wengine wako wapi, na kabla sijafungua mdomo Mzee Elia, ambaye sidhani kama alikuwa amewahi kusema uongo tangu abatizwe, akajibu kwamba wako kazini. Walipiga picha yao, wakaondoka, na kesho yake mkeka ulikuwa mahali pake. Hakuna aliyerudi kuutazama.

Lakini siku ile ya picha, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, nilitoka nje kwenda jikoni. Nyar Sori alikuwa ameketi chini peke yake, ungo mapajani, anachambua mboga za kesho. Akaniuliza kama wale wanaume wameenda. Nikasema wameenda, wako gatini. "Odera anakula siku hizi?" Nikamwambia ukweli, kwamba tangu Ijumaa anaomba kuongezwa, na kwamba mwanawe anasema kuku sasa wanaamka wenyewe. Alicheka kidogo kwa hilo. Aliendelea kuchuma majani, yale mabovu akayatupa pembeni, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitakuambia kitu, nyathina, na hii usipeleke upande ule."

Nikasema sipeleki.

"Ningemfungulia," akasema. "Angemleta Atieno wangu, lango ningefungua na hii mikono. Laana ingekuja, ikae. Ningemlaza kwa kitanda yangu."

Nikakaa pale pale kwenye majivu na gauni langu la buluu. Nikamuuliza, kwa nini basi? Alinitazama kama aliyenishangaa, mimi niliyesoma. "Mimi nimezika mtoto mmoja," akasema. "Huyu mwingine nimuue ya nini?" Akanisukumia ungo ili tusaidiane, tukachambua mpaka mboga zikaisha, na habari ile hakuigusa tena siku zote zilizobaki za uhai wake, ambazo zilikuwa nyingi, namshukuru Mungu. Mimi nilihamishwa mwaka uliofuata. Odera aliishi akazeeka hasa, na alipokufa nilisafiri kwenda kumzika. Mwanawe alinipokea vizuri, akanipa kiti cha mbele, akaniambia kwamba baba yake alikuwa akimtaja bibi yao kila mara, akisema kwamba hajawahi kuona mwanamke aliyeshika mila kwa ukali kama mama mkwe wake. "Wewe ulimjua," akasema. "Ni kweli alikuwa mkali hivyo?" Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia hakuwa na mfano.